Historia naikariri, vitabu vya fasihi navisoma, alama hazipandi

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne katika shule ya kutwa, naishi Ujiji. Nataka nikifaulu nichukue HKL kidato cha tano, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Tatizo ni alama. Insha ya alama 15 napata 6 au 7, ikizidi sana 8, na si kwamba sisomi.

Katika mtihani wa majaribio, swali la Historia lilitaka sababu za Vita vya Maji Maji. Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein tuliisoma yote kama zoezi la uhakiki, kwa hiyo nikaeleza jinsi Kinjeketile alivyopagawa, alivyotoka mtoni na maji, na alivyobishana na Kitunda, mhusika mwenzake. Mwalimu akapiga mstari mwekundu akaandika "hii si Historia". Baadaye swali la Kiswahili likataka migogoro katika tamthilia hiyohiyo. Safari hii nikaandika habari za kodi, pamba na waliokufa vitani. Napo nikakatwa: "hii si fasihi". Kwenye Uraia nilijibu swali la ndoa za utotoni, nikaandikiwa "majibu ya jumla mno".

Vitabu shuleni ni vichache, nakala moja tunagombea zaidi ya watu kumi, kwa hiyo tunaishi kwa madesa, yaani muhtasari wa kunakiliana. Historia tunajibu kwa Kiingereza na hapo napata shida zaidi, maana najua jambo lakini sentensi haitoki. Kaka yangu naye ananiambia niachane na HKL, kwamba Shakespeare na vitabu vya wazee havina msaada wowote kwa mtoto wa Kigoma. Nimeanza kufikiria kuiacha Historia kabisa. Naomba unielekeze nifanye nini.

Mwanafunzi, Ujiji

*

Marahaba, mwanangu.

Historia huwezi kuiacha. Kwa mtaala unaosoma ni somo la lazima hadi mtihani wa kidato cha nne, na bila hiyo HKL haipo. Hilo tuliweke pembeni tushughulike na insha.

Kumbukumbu yako haina kasoro. Mtu anayekumbuka ubishi wa Kinjeketile na Kitunda, na bado ana kodi na pamba kichwani, ana mali ya kutosha kupata 12 kati ya 15. Kinachokuangusha ni kwamba umejibu Historia kwa ushahidi wa fasihi, na fasihi kwa ushahidi wa Historia. Masomo haya yanaweza kuzungumzia mtu mmoja na vita vilevile, lakini kila moja lina mahali pake pa kutafuta uthibitisho. Historia huutafuta katika nyaraka, simulizi za wazee, mabaki na takwimu. Fasihi huutafuta ndani ya kurasa za kitabu ulichoulizwa, basi. Uraia huutafuta katika sheria, taasisi na hali ya jamii ilivyo leo. Ukikosea hapo, msahihishaji hana namna ya kukupa alama hata kama ulichoandika ni kweli tupu.

Tuanze na Kinjeketile, kwa kuwa ndiye aliyekukata mara mbili.

Kinjeketile Ngwale alikuwa mtu wa kweli, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji yaliyoaminika kuwakinga watu na risasi za Wajerumani. Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, na Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, vita vikiwa bado vichanga. Viliendelea bila yeye hadi 1907. Ebrahim Hussein alitoa tamthilia yake mwaka 1969, zaidi ya miaka sitini baadaye, na katika utangulizi anamtahadharisha msomaji kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni, tofauti na yule wa Historia. Mwandishi mwenyewe amekataa kuwa shahidi. Wewe usimlazimishe kwenda mahakamani.

Swali la sababu za vita linataka mambo yaliyowasukuma watu wa kusini kushika silaha. Hoja moja ya Historia iliyokamilika inaandikwa hivi (nakuandikia kwa Kiswahili, habari ya Kiingereza nitaifikia):

"Sababu mojawapo ni kilimo cha lazima cha pamba. Kuanzia mwaka 1902, wakati wa Gavana von Götzen, wakazi wa wilaya za kusini walilazimishwa kulima mashamba ya pamoja ya pamba chini ya maakida na majumbe. Kazi hiyo iliwatoa kwenye mashamba yao ya chakula katika msimu uleule wa kilimo, na malipo yake yalikuwa kidogo mno. Ndiyo maana wapiganaji wa Umatumbi walianza vita kwa kung'oa pamba shambani."

Hizo ni sentensi nne na kila moja ina kazi. Ya kwanza inataja hoja. Ya pili inatoa mahali, wakati na wahusika. Ya tatu inaeleza uhusiano: pamba ilimuumiza nani na kwa njia gani. Ya nne inaleta tukio linalothibitisha na kukurudisha kwenye swali. Sentensi ya tatu ndiyo wanafunzi wengi huiruka. Wanaandika "kilimo cha lazima cha pamba", wanaongeza "watu walichukia", kisha wanahamia kodi. Msahihishaji anabaki na orodha ya vichwa vya habari, na orodha hupewa alama ya kutaja tu. Ya kufafanua inabaki mezani.

Jihadhari pia na hoja pacha. Ukiandika "kodi ya kichwa", "kodi kubwa" na "ukusanyaji kodi kwa nguvu" kama hoja tatu, utahesabiwa moja. Kabla ya kuanza kuandika, orodhesha hoja zako sita nyuma ya karatasi kwa neno mojamoja: kodi, pamba, kazi za lazima, maakida, kuporwa madaraka ya watawala wa jadi, imani ya maji iliyounganisha makabila. Mbili zikifanana, futa moja tafuta nyingine. Imani ya maji inaruhusiwa katika Historia, kwa sababu iliwakusanya watu wasiokuwa na mtawala mmoja. Lakini iandike kama jambo lililofanyika katika jamii, bila mazungumzo ya jukwaani. Tunalijua kutokana na maandishi ya Wajerumani wenyewe na simulizi za wazee, zikiwemo zile zilizokusanywa na wanafunzi wa historia wa chuo cha Dar es Salaam mwaka 1968.

Sasa geuza upande. Swali la migogoro katika tamthilia linataka hivi:

"Kinjeketile ana mgogoro wa nafsi. Anaanza kuyatilia shaka maji aliyoyatoa mwenyewe, lakini watu wameshayaamini kuliko wanavyomwamini yeye, na neno lake limekuwa kubwa kumzidi. Mwishoni anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, akihofia kwamba vizazi vijavyo vitaambiwa mababu zao walikosea kupigania uhuru. Kwa mgogoro huu mwandishi anaonyesha kwamba imani iliyowaunganisha watu ndiyo hiyohiyo iliyowapeleka mbele ya risasi bila kinga."

Humo hamna tarehe wala idadi ya waliokufa. Kuna mhusika, anachofanya, kinachomzuia, na kile ambacho mwandishi anakijenga kwa hilo. Historia unaweza kuipa sentensi moja kwenye utangulizi, kwamba tamthilia imechota kisa chake katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, halafu uifungie mlango. Na tofautisha mgogoro na dhamira. Mgogoro ni mvutano kati ya pande mbili, kwa hiyo lazima utaje pande zote mbili. Ukiandika "mgogoro wa umoja" umeandika dhamira, na hoja nzima imekwenda na maji.

Ukiulizwa fani, yaani ufundi wa mwandishi, hapo ndipo madesa yanapowaangusha watu kwa makundi. Mwanafunzi anaandika "mwandishi ametumia tashbiha, tashihisi na methali" na kuweka nukta. Kutaja tamathali bila kuinukuu kutoka kitabuni na kusema imefanya kazi gani pale ilipo hakuna thamani. Heri mifano mitatu iliyofafanuliwa kuliko majina kumi ya tamathali. Swali likitaka vitabu viwili, gawa hoja sawasawa, kwa kawaida tatu kwa kila kitabu, na anza kila aya kwa kutaja ni kitabu gani ili msahihishaji asikutafute.

Kitenzi cha swali kipigie mstari kabla ya yote. "Taja" inataka majina. "Eleza" inataka namna na sababu. "Jadili" inataka upande wa pili, kwa hiyo aya moja angalau ipinge au iweke mpaka. "Tathmini", au "kwa kiasi gani", inataka uamuzi wako mwishoni: kwa kiasi kikubwa, au kidogo, na kwa nini. Wengi hujibu kila swali kama "eleza", ndipo wanapokwama kwenye 8.

Muda nao una hesabu yake. Karatasi ya saa 3 ina dakika 180. Toa 15 za kusoma maswali na kupanga, toa 10 za kusahihisha, zinabaki 155 kwa alama 100, yaani dakika moja na nusu kwa alama moja. Insha ya alama 15 ina dakika 23. Ukiitumia 40, umeiba dakika za insha nyingine, na insha ambayo haikuandikwa haina hata alama ya huruma. Utangulizi wako usizidi mistari minne: fafanua dhana kuu, sema wakati na mahali, basi.

Unaishi mahali ambapo wenzako wa mikoa mingine wanapasoma kwa kukariri, na naona hujapatumia. Chukua meli ya MV Liemba ya Kigoma. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha ikaletwa Kigoma kwa reli ya kati iliyofika huku mwaka 1914. Ilishushwa ziwani 1915, Wajerumani wenyewe wakaizamisha Julai 1916 walipokuwa wanarudi nyuma, Waingereza wakaiibua 1924 na kuirudisha kazini 1927. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Goetzen, jina la gavana yuleyule aliyeamuru kuzimwa kwa Maji Maji. Meli hiyo moja inakupa ushahidi wa hoja tatu za mtaala: miundombinu ya kikoloni iliyojengwa kwa maslahi ya mkoloni, Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki, na Tanganyika kuhama mikono kutoka kwa Wajerumani kwenda kwa Waingereza.

Biashara ya masafa marefu nayo usiiandike kwa maneno ya hewani. Chumvi ya Uvinza imechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000 na ilikuwa bidhaa ya kubadilishana katika ukanda huu mzima. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani kupitia Tabora, na Ujiji yako ilikuwa kituo cha ziwani cha njia hiyo. Ukiulizwa upinzani dhidi ya Wajerumani, karibu kila mtahiniwa atakuja na Mkwawa. Wewe mwongeze Isike wa Unyanyembe, ambaye Januari 1893 ngome yake pale Tabora ilipovunjwa alilipua ghala la baruti akiwa ndani badala ya kukamatwa.

Kwenye makumbusho ya Ujiji, nenda na swali mkononi. Stanley, mwandishi wa habari, aliandika kwamba alikutana hapo na mmisionari Livingstone tarehe 10 Novemba 1871, na ndiyo tarehe inayokaririwa. Livingstone mwenyewe alikuwa amepoteza hesabu ya siku kwa ugonjwa, na shajara yake haikubaliani na tarehe hiyo. Jiulize: kila chanzo kimeandikwa na nani, lini, kwa ajili ya wasomaji gani? Stanley alitumwa na gazeti la New York na alihitaji habari inayouzika. Wenyeji wa Ujiji waliokuwepo siku ile wako wapi katika maandishi hayo? Mwanafunzi anayeweza kuuliza hivyo anajibu swali lolote la vyanzo vya Historia bila desa. Ila mambo ya nyumbani yaingize pale tu swali linapoyahitaji. Swali la Mapinduzi ya Viwanda halina nafasi ya Liemba.

Naja kwenye Uraia, na hapa nataka ukaze macho, kwa sababu ndoa za utotoni si swali la mtihani tu. Kuna mwenzako wa darasani linamhusu leo. Majibu ya jumla ni haya: chanzo ni umaskini, mila na ukosefu wa elimu, madhara ni kuacha shule, suluhisho ni jamii ielimishwe. Hayo yangefaa pia kwa ulevi, rushwa na uchafu wa mazingira. Jibu linalofaa kwa kila tatizo halijajibu lolote.

Anza na sheria, kwa majina na miaka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa kuoa kwa mvulana kuwa miaka 18, lakini ikaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Unaona mgongano. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vile vya Sheria ya Ndoa vinakwenda kinyume na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Na tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha shule kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi darasani baada ya kujifungua. Mambo hayo matano ukiyaweka mahali pake, hakuna atakayekuandikia "jumla mno".

Halafu funga kila suluhisho kwenye chanzo chake. Kama umesema binti anaacha shule kwa kuwa ni mbali na anapanga chumba mitaani, suluhisho ni bweni au hosteli ya kata, na mwenye jukumu ni halmashauri pamoja na wananchi. Kama umesema baba anataka mahari kwa sababu mavuno yameharibika, semina haitamjazia ghala. Hapo zungumzia mikopo ya vikundi, ruzuku za kaya maskini, chakula shuleni. Kama ni siri ya familia, taja njia za kutoa taarifa: mtendaji wa kata, afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, na simu ya bure ya watoto, 116. Kwa kila suluhisho jiulize: nani, afanye nini, wapi. Ukikosa mojawapo, hoja haijaiva.

Tatizo hilihili likiulizwa katika fasihi, sheria zote hizo ziache nje. Huko utaonyesha mhusika gani aliozeshwa, nani aliamua, yeye alisema au alinyamaza, na mwandishi amemwelekeza msomaji amwonee huruma nani.

Kaka yako mwambie kwa heshima kwamba vitabu vya wazee vimewahi kuwashughulisha watu wa huku sana. Julius Nyerere, aliyesoma Shule ya Wavulana Tabora kuanzia 1937, alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili akiwa na nchi mabegani: tafsiri ya Julius Caesar, ambayo baadaye iliitwa Juliasi Kaizari, ilitoka 1963 na Mabepari wa Venisi 1969. Hiyo ya pili inaanza na mkopo. Antonio anaweka dhamana kwa Shylock, dukati 3,000 (sarafu za wakati huo) kwa miezi mitatu, na akishindwa kulipa atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake. Mtu yeyote aliyewahi kuona jirani akinyang'anywa pikipiki au kiwanja kwa mkopo wa mtaani ataelewa ni kwa nini mkataba ule unatisha. Lakini ukiishia kuandika "riba ni mbaya" umesoma nusu ya kitabu. Antonio huyohuyo amewahi kumtemea Shylock mate kwa kuwa ni Myahudi. Chuki ya dini na kabila inakaa pembeni ya riba tangu onyesho la tatu la sehemu ya kwanza, na mhakiki mzuri anaiona na kuuliza kama hukumu ya mwisho ni haki au kisasi chenye joho la sheria.

Unaposoma kitabu cha zamani, fanya mambo matatu kwa mpangilio. Kwanza soma kisa chote bila kalamu, ujue nani ni nani. Pili soma tena ukiweka alama kila mahali mtu anapoamua jambo, kwa sababu maamuzi ndiyo yanayobeba dhamira na migogoro. Tatu tafuta mwaka na mazingira ya kuandikwa, yakusaidie kuelewa kwa nini mwandishi amezungumza kwa mafumbo. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka 1951, chini ya mkoloni. Ukijua hilo, nchi ya kubuni na kesi ya Karama aliyetaka watu wajifunze sheria vinasomeka kwa jicho jingine. Hatua ya tatu ikitangulia ya kwanza, utaishia kuandika habari za mwandishi badala ya habari za kitabu, na hilo msahihishaji hulikata.

Kuhusu Kiingereza cha Historia: panga hoja kwa Kiswahili, usipange kwa Kiingereza. Ukishakuwa na sentensi zako nne kichwani, ziandike kwa Kiingereza fupi, jambo moja kwa sentensi moja. Sentensi ndefu ndipo sarufi inapovunjika na maana kupotea. Kila mada iwe na istilahi zake kumi hadi kumi na tano unazoweza kuziandika bila kukosea herufi, pamoja na maneno machache ya kuunganisha sababu na matokeo. Soma kwa sauti aya moja ya kitabu cha kiada kila jioni, kisha ifunike na uiandike upya kwa maneno yako. Kukariri aya nzima ni hatari: swali likigeuzwa kidogo, utamwaga aya isiyohusika.

Madesa usiyatupe, yakague. Chukua penseli, na kila dai la desa litafute kwenye kitabu. Ukiliona andika namba ya ukurasa, usipoliona likate. Utashangaa majina ya wahusika yaliyopotoshwa, dhamira za kitabu kingine zilizobandikwa, na nukuu ambazo hazipo popote. Isitoshe, darasa zima likitumia desa moja, msahihishaji anaona hoja zilezile kwa mfuatano uleule kwenye kila karatasi.

Kwa uhaba wa nakala, ungeni kundi la watu watano na mchukue kitabu kwa zamu ya siku tatu tatu. Kila mmoja asome chote. Msigawane sura, maana aliyesoma sura ya mwisho peke yake hajui chochote. Anayemaliza aandike karatasi moja yenye wahusika wakuu, uamuzi mkubwa wa kila mmoja, na nukuu tano fupi zenye namba ya ukurasa. Baada ya siku 15 mna karatasi tano za kulinganisha. Pale zinapotofautiana, rudini kitabuni mbishane, ndiyo uhakiki wenyewe. Hakikisheni pia kwa mwalimu ni vitabu gani teule vya mwaka wenu. Kinjeketile mlipewa kama zoezi, na kwenye mtihani wa taifa kitabu kilicho nje ya orodha hakikupi alama.

NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, huweka bure kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kwa kila somo na kila mwaka. Ndani yake mna maswali, makosa waliyofanya wengi, na picha za majibu mazuri na mabovu. Pakua za miaka mitatu ya Historia, Kiswahili na Uraia. Ukikosa simu ya kufaa, omba mwalimu wa taaluma awachapie hata moja. Soma jibu bovu kwanza, useme limekosa nini, ndipo usome maelezo yao.

Kazi ya wiki hii ni moja. Chukua yale maswali mawili uliyokatwa, la sababu za Maji Maji na la migogoro katika tamthilia, uyajibu upya siku moja, dakika 23 kila moja, saa ikiwa mezani. Ukimaliza, chukua kalamu ya rangi nyingine upige mstari chini ya kila ushahidi. Katika insha ya Historia, mstari ukiangukia maneno ya mhusika wa jukwaani, futa sentensi hiyo. Katika insha ya fasihi, ukiangukia tarehe au takwimu nje ya utangulizi, futa. Kisha mpelekee mwalimu wako zote mbili kwa pamoja, na umwombe azisahihishe moja kando ya nyingine.